Wimbo Ulioandikwa Adagio

Walisema nitaishia kuchimba dhahabu Mongbwalu. "Mutoto wa muuza sombe asome muziki? Ataimbia mbuzi," walicheka majirani zetu wa mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, maana kwetu tuliishi kwa kuuza hayo majani ya muhogo. Leo diploma yangu ya muziki kutoka Kampala imetundikwa sebuleni, na wale waliocheka huniletea watoto wao niwafundishe. Lakini nikisikia harufu ya udongo mbichi wa kaburi, diploma hainisaidii kitu. Narudi kuwa mtoto wa kwaya, nimesimama na karatasi mkononi, nimekasirika.

Ilikuwa miaka ile ya amani isiyoaminika. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini hakuna aliyezisahau. Kwaya yetu iliimba nyimbo za mazishi mbio mbio ili watu wawahi nyumbani kabla ya jua kuzama. Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Bunia ya wakati ule, haraka ndiyo ilikuwa baraka yenyewe. Juu ya wimbo wa kuaga paliandikwa Adagio. Papa Kasereka, kiongozi wetu, aliamini kuwa hilo ni jina la mtunzi, na kila mara alitangaza kwa heshima, "Wimbo wa Bwana Adagio." Bwana Andante naye alikuwa na nyimbo nyingi. Padri mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho: yalikuwa maneno ya Kiitaliano, maana Waitaliano walitangulia kuyaandika juu ya muziki wao, na wengine wakawafuata. Andante latokana na kutembea, allegro ni uchangamfu, na adagio ni kwa utulivu, kama mtu asiyefukuzwa na chochote.

Neno hilo nililihitaji. Koko, bibi yangu, alikuwa mgonjwa, naye alikuwa ameniomba, "Siku yangu, musinikimbize." Alipofariki nilimwonyesha Papa Kasereka karatasi na kumweleza yote. Alitazama barabara ya Djugu, walikotokea wenye bunduki, kisha akasema polepole, "Mutoto, huyu Adagio wako hakukaaka Bunia." Koko akaimbiwa mbio. Hasira ile ndiyo iliyonisomesha.

Juzi Papa Kasereka naye alifariki, na familia yake ikaniomba niongoze kwaya. Nilieleza maana ya adagio mbele ya watu wote, nikainua mkono. Barabara ilikuwa tulivu. Ubeti wa kwanza tuliuimba kama watu wenye nafasi. Katika wa pili jua liligusa mikaratusi, nikauona mkono wangu, huu wenye diploma, ukiongeza mwendo, na kwaya nzima ikaufuata kwa shukrani.