Bendera ya Norwei

Juzi simu yangu iliniambia niko Dar es Salaam, nami nimekaa Kasulu nachambua maharage. Binti yangu akacheka, akasema mtandao umepotea njia. Mimi sikucheka. Kosa la namna hiyo liliwahi kuingia nyumbani kwetu, na mpaka leo sijalisamehe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama na mimi tulikuwa tumekimbia Burundi, tukajishikiza Kagerankanda, kijiji cha karibu na Kasulu, kwa kulima mashamba ya watu. Kaka yangu tulipotezana naye njiani, akiwa na miaka kumi na sita na kovu la moto mkononi. Mama hakukubali kwamba amekufa. Kila aliposikia malori yameshusha wakimbizi wapya Kibondo, alijifunga kanga, akadandia gari la mizigo, akaenda kuwatazama sura mmoja mmoja. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akashika jembe.

Mimi nilipata kazi ya ukalimani katika ofisi moja ya misaada pale Kasulu. Uani palikuwa na dishi kubwa, na ndani kompyuta moja iliyopata intaneti kwa setilaiti. Fundi wa mitambo, mtu mpole, alituruhusu saa ya chakula kusoma ukurasa ambao Warundi waliotawanyika duniani waliachiana salamu. Sheria yetu haikuandikwa popote lakini kila mtu aliishika: usitaje mahali ulipo. Tuliamini waliotufukuza nao wanasoma. Lakini kando ya kila ujumbe mashine yenyewe ilibandika kibendera cha nchi ujumbe ulikotoka, bila kumwomba mtu ruhusa. Basi tukakiamini kibendera kuliko tulivyoaminiana sisi kwa sisi.

Mchana mmoja nikaona ujumbe wa kaka. Alitumia jina la utani alilokuwa akiitwa na mama peke yake, akamtaja ng'ombe wetu aliyevunjika pembe, akauliza kama mama yu hai. Kando yake, bendera ya Norwei. Nilimwita fundi aniandikie jibu: mama yu hai, niko naye, anakuombea. Mahali sikutaja, kama kawaida yetu.

Nyumbani mama aliketi chini palepale mlangoni.

"Imana ishimwe," alisema, akimshukuru Mungu kwa Kirundi. "Kumbe mwana wanje yuko kwa wazungu."

"Ndivyo mashine inavyosema, mama."

"Basi huko Kibondo nafuata nini tena?"

Na kweli hakwenda tena. Malori yalikuja, majirani wakamwambia, naye akawajibu kwa maringo kidogo kwamba wa kwake yuko Ulaya. Akaanza hata kucheka. Kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu tuvuke mpaka.

Mwenye ukurasa alisoma kila ujumbe kabla ya kuuweka, kwa hiyo jibu langu lilichelewa majuma kadhaa. Lilipotoka nilikuwa nimepelekwa kambini kukalimani, na niliporudi ofisini nikalikuta, nalo lina bendera ya Norwei. Nikamwita fundi, nikamwambia mashine imekosea.

"Inasoma namba tu," akasema. "Kompyuta yetu inapewa namba na kampuni inayopokea mawasiliano yetu ya setilaiti, na mtambo wao uko Norwei. Ukurasa unaangalia namba hii ni ya nani, unabandika bendera. Wewe umekaa wapi, hilo haulijui." Akafikiri kidogo. "Hata ofisi ya wenzetu wa Kibondo inatumia kampuni hiyohiyo. Nao wana bendera hii."

Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Mimi nikaukumbuka ujumbe wa kaka.

Kesho yake nilikuwa Kibondo. Nilimwambia mlinzi wa ofisi ile kwamba namtafuta kijana wa Kirundi mwenye kovu la moto mkononi, labda amewahi kutumia kompyuta yao. Akasema huyo ni mfagiaji wao, amepanga chumba nyuma ya soko.

"Lakini ameondoka juzi," akaongeza. "Aliona jibu kwenye kompyuta, akafurahi sana, dada, akatununulia soda. Alisema mama yake na dada yake wako Norwei, kwa hiyo huku hana wa kumtafuta tena. Amerudi Burundi kushika shamba la baba yake, watu wasilichukue."

Huko alikorudi risasi zilikuwa bado zinalia. Niliichukia mashine, nikamchukia fundi na upole wake, nikaichukia na hofu yetu iliyotufunga midomo. Tulituma ujumbe juu ya ujumbe, sasa tukitaja Kasulu waziwazi. Hakuna aliyejibu, na baada ya miaka niliacha kutazama.

Siku ile niliporudi kutoka Kibondo, nilimkuta mama shambani nikamwambia yote. Hakulia. Aliniuliza kaka alikuwa akikaa upande gani wa soko, nikamwonyesha kwa mkono kana kwamba soko liko mbele yetu. Akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, kisha akasimama.

"Ameota ndevu?"

"Sikuuliza, mama."

"Ungeuliza," akasema.