Makofi ya Robo

Mwalimu Evelina amechoka. Na msiniambie walimu wote wamechoka. Mimi Hellen nafundisha darasa la jirani, namjua. Anafundisha Kiingereza darasa la tatu hapa Kirumba, watoto zaidi ya mia. Akisema amsikilize kila mmoja akiongea, mwaka utaisha. Ndiyo maana aliwaachia wapimane wenyewe: anayeongea akasikika apigiwe makofi ya kilo, anayekwamakwama nusu, anayenong'ona robo. Mwanzoni walihongana ubuyu, wacha we! Akawakomesha, na tangu hapo hawapendelei mtu.

Gladness yeye alikuwa haongei kabisa. Bibi yake anayemlea alishasema: kama mtoto hawezi hata kujitaja kwa Kiingereza, shule ya nini? Likizo ikianza anampeleka Usagara kwa shangazi yake, akauze mahindi ya kuchoma, na harudi.

Siku ya kufunga shule bibi akaja kumchukua, akasimama mlangoni.

"Shikamoo bibi," Evelina akamwamkia.

"Marahaba. Nimemfuata mtoto."

Evelina akamwita Gladness mbele. Mtoto akataja jina lake, akasema anapenda kula samaki. Kwa Kiingereza, jamani! Mimi nilikuwa nimewaachia wangu zoezi nikaja kuchungulia dirishani. Nilitamani kupiga vigelegele.

Darasa likapiga makofi. Robo.

Nikamkonyeza Evelina: waambie wampe kilo, bibi aridhike, yaishe. Akatikisa kichwa. Baadaye aliniambia hata kudanganya kunataka nguvu, na yeye hakuwa nazo.

"Robo?" bibi akauliza. "Robo ya samaki pale sokoni Mwaloni hata paka hashibi."

"Wenzake ndio wanaompima, bibi. Hawajamwonea. Maneno yalikuwa sawa, sauti ndiyo ndogo." Evelina akajishusha kwenye kiti. Alishakata tamaa, nilimwona.

"Basi na mimi nimpime." Bibi akaingia, akapita katikati ya madawati mpaka mbele. "Sema tena. Niambie mimi."

Gladness akamtazama bibi yake, akarudia yote.

Watoto mikono imeinuliwa, hakuna aliyethubutu kupiga.

"Jina nimelisikia," bibi akasema. "Hilo la pili sijalielewa." Akamgeukia Evelina. "Mwalimu, shule inafunguliwa lini?"