Mujapani wa Murara

Télesphore Habarurema aliteremka kutoka vilima vya Masisi na mke wake Donatille, sufuria mbili na kisu cha kukatia fromage, jibini ya kwao. Ng'ombe wake walibaki kwa wenye bunduki, ambao tangu hapo wanakunywa maziwa bila hata kusema asante. Hapa Goma wakapanga chumba mtaa wa Murara, naye akaanza kuzungusha mitaani fromage za ng'ombe wa watu wengine. Ukinunua, kwanza anakueleza imetoka kilima gani. Usiposikiliza, anakukatia kipande chembamba.

Redio ndiyo iliyomharibu. Alisikia kipindi juu ya Japani: bahari ilipanda ikameza miji, kituo cha umeme wa atomiki kikapasuka, watu wakakimbia. Mwaka uliofuata, 2012, ukafika uchaguzi wa bunge, na wale wakimbizi wakapiga kura ugenini, lakini kura zao zikahesabiwa kwa miji yao, ambamo hakukuwa tena na wa kufungua dirisha.

Basi waandikishaji wa wapiga kura walipokuja Goma mwanzoni mwa 2023, Donatille akapanga foleni, Télesphore akakataa. Viti vya bunge hugawanywa kwa hesabu ya walioandikishwa kila eneo.

"Nikijiandikisha hapa, Masisi inapunguka mutu moya. Nitangojea ya kwetu. Wajapani walifanya vile."

"Papa Télesphore," Donatille akamuuliza mbele ya wateja, "weye uko Mujapani?"

"Hapana. Lakini nabo balikimbia."

"Balikimbia maji. Weye ulikimbia bantu. Maji inarudiaka nyuma, mon cher!"

Wateja walicheka, na jina likamshika. Mujapani, leta fromage! Mujapani, leo unauza fromage ya Japani? Yeye anakata tu, kipande chembamba.

Waandikishaji hawakufika kilimani kwake, vita viliwatangulia. Desemba, Goma ikapiga kura. Masisi na jirani yake Rutshuru, kwa sababu ya vita, ziliambiwa zingojee. Zingojee nini, hakuna aliyesema. Donatille akarudi na wino kidoleni.

"Umechagua nani?"

"Ule mwenye alitugawia chumvi."

"Anajua Masisi?"

"Anajua chumvi."

Wabunge wapya walipoingia Kinshasa, Télesphore alivaa shati safi akaenda saluni ya Modeste, penye televisheni. Nilikuwa ninanyolewa. Alitaka kitu kimoja tu: kuona viti vya Masisi vikiwa vitupu.

"Bakiviona," alisema, "batauliza: benyewe bako wapi?"

Kamera ikapita ukumbini polepole. Tumbo na tumbo, tai na tai, mama mmoja na kilemba cha kuziba watu watatu. Kamera ikarudi upande wa pili. Viti vyote vilikuwa na watu.

"Ya kwetu iko wapi?"

"Muzee," Modeste akamwambia, wembe mkononi, "kule kiti haina jina ya kilima. Mutu anafika, anakaa."

"Rudisha kidogo. Labda nyuma kabisa."

"Haiko kaseti, muzee. Ni direct, inapita sasa hivi."

Télesphore alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akitafuta katika safu za nyuma, huku wabunge wakipiga makofi. Mteja mmoja alinguruma kwamba haoni kitu. Mujapani akaomba radhi, akapiga magoti hapo sakafuni, juu ya nywele zetu, akaendelea kutafuta.