Ulimi wa Mbwa Wangu

Kidonda kilianza kikiwa kidogo kama kifungo cha shati, kwenye mguu wa mbele wa kushoto, juu kidogo ya wayo. Mbwa alikuwa amelala mlangoni akijilamba. Nikamwambia, "Wacha!" akaacha, nikaendelea kukunja mapazia. Ninauza mapazia ya mitumba Gikomba, na nyumba yangu ni chumba kimoja Shauri Moyo, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni. Mtu anayeamka kabla ya jogoo ili awahi beli, robota la mitumba, likifunguliwa hana nafasi ya kuchunguza mguu wa mbwa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia mara nyingi.

Baada ya wiki mbili kifungo kilikuwa kimekua kikawa kama kifuniko cha soda, chekundu, hakina manyoya, kimeloa saa zote. Nikakiosha kwa maji ya chumvi, nikakifunga kitambaa. Niliporudi jioni kitambaa kilikuwa chini ya kitanda na kidonda kimepanuka. Nikafunga tena, akafungua tena. Nilimgombeza yule mbwa kama mke anavyomgombeza mume mlevi: mimi napaza sauti, yeye ananitazama kwa upole, na kesho yake ni yale yale.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mtaani kwetu kila mtu alinipa zake bila kuombwa. Mmoja alisema majivu, mwingine maji ya mwarobaini. Niliyemwamini ni fundi wa magari wa nyumba za nyuma, kwa sababu alisema kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kukifikiria.

"Mathe, hiyo paka oili chafu. Wiki moja, kwisha."

"Hatailamba?"

"Oili? Nani analamba oili? Ni chungu, mathe. Ataonja mara moja, atatii."

Marehemu baba yangu, kule nyumbani magharibi, aliwapaka mbwa wake oili chafu ya trekta walipopata upele, na sikumbuki kama kuna aliyekufa. Labda walikufa nisiambiwe. Fundi akanijazia chupa, nyeusi tititi, nami Jumatano jioni nikapiga magoti nikampaka kwa kitambaa. Siku hiyo mkononi nilikuwa na jeraha la wembe niliokatia mikanda ya beli. Mbwa akageuka akanilamba pale pale penye jeraha, taratibu, mara nne au tano, nami nikamwachia. Nilicheka hata. Nikasema, tazama, mgonjwa anamtibu daktari.

Alhamisi nikapaka, Ijumaa nikapaka. Kila jioni nilikuta mguu umekauka, nikaona dawa inaingia.

Hapa lazima niseme juu ya jirani yangu. Mlango wake unatazamana na wangu, na kati yetu kuna kibaraza kimoja. Ni mama Mwislamu, mjane kama mimi, amenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Kwa dini yake mate ya mbwa ni najisi, na nguo ikiguswa nayo ni kazi ya kuosha na kuosha tena. Kwa hiyo miaka tisa alilaza fagio lake refu katikati ya kibaraza, na mbwa wangu alijua kwamba dunia yake inaishia pale. Tulisalimiana, tukapeana vyakula, Idi yake na Krismasi yangu. Lakini mbwa akipiga miayo tu, mama yule huvuta mkeka wake nyuma. Mimi niliamini anamchukia, na kwa siri nilimnunia kidogo.

Jumamosi asubuhi mbwa alikataa mkate. Nikaona miguu inamtetemeka. Nilipofungua geti la chuma la mlangoni akatoka akiyumba, akagonga jiko, akatapika, na mate mazito yakaanza kumtoka mdomoni, yakaning'inia mpaka sakafuni. Mwanamke aliyekuwa akichota maji bomba la nje akaangusha ndoo.

"Kichaa! Hiyo mbwa iko na kichaa!"

Sijawahi kusikia milango ikifungwa kwa haraka vile. Watoto walivutwa ndani kwa kola za mashati. Wanaume watatu wakaja, na mbele yao fundi, ameshika spana ya magurudumu.

"Mathe, songa kando. Hiyo mbwa imeshikwa. Itauma watoto."

Nikasimama kati yao na mbwa. Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwa ushujaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaogopa wao kwa mbele na namwogopa yeye kwa nyuma. Nilihisi pumzi yake kwenye visigino vyangu, nikakunja vidole vya miguu ndani ya kandambili. Kisha nikakumbuka mkono wangu. Nikautazama ule mstari wa wembe, bado mwekundu. Chanjo ya mbwa ilikuwa imepitwa na wakati mwaka mzima. Nilijua, nilikuwa nimesema nitampeleka mwezi ujao, kisha mwezi ujao. Nikawaza: nimekufa. Atauawa sasa hivi mbele yangu, halafu mimi nitafuata, nikiogopa maji kama kila aliyeshikwa na kichaa cha mbwa.

Fundi akainua spana.

"Huyo hana kichaa," sauti ikasema. "Huyo amekula mafuta."

Jirani yangu alikuwa amesimama upande wake wa fagio, leso kichwani, tasbihi mkononi.

"Mafuta gani, mama?" fundi akauliza.

"Yako. Yale uliyompa huyu kwenye chupa. Juzi kalamba, jana kalamba. Kila akipakwa, analamba mpaka amalize. Hamna macho? Tazameni mguu."

Tukatazama. Mguu nilioupaka mweusi jana yake jioni ulikuwa safi, kama umeoshwa kwa sabuni. Hakuna kilichokuwa kimekauka, wala dawa haikuwa imeingia popote ila tumboni mwake. Fundi akashusha spana, akaitazama kama hajui imefikaje mkononi mwake. Ndiye aliyekimbia kutafuta mkokoteni.

Tulimfunika gunia tukamlaza juu ya mkokoteni, tukaenda kwa daktari wa mifugo. Jirani alikuja nasi. Hakutembea upande wa kichwa, alitembea upande wa mkia, hatua tatu mbali, lakini alikuja. Njia nzima nilimwomba Mungu asife, na katikati ya maombi nikawa naomba asiniambukize, na nikaona haya, nikaendelea kuomba yote mawili.

Daktari alimwosha kwa sabuni ya vyombo mara tatu, akamtundikia dripu. Kisha akaniuliza, "Anajilamba saa ngapi?"

"Jioni. Kidogo tu."

"Jioni?" Jirani alicheka kwa pua. "Daktari, huyu mama akishafunga geti asubuhi, mbwa anasimama kwenye vyuma mpaka nyayo zake ziishe kusikika. Halafu anarudi, anaanza. Chap, chap, chap. Anaendelea mpaka alasiri, watoto wakitoka shule, ndipo anaacha. Ni tangu mwezi wa kwanza, kijana wake wa kumzaa alipohamia mtaa wa Pipeline. Zamani kijana alishinda nyumbani. Sasa hakuna mtu."

"Umejuaje yote hayo, mama?" daktari akauliza.

"Mimi ni mtu wa kuswali. Ulimi ule nimejilinda nao miaka tisa. Nisijue unakokwenda?"

Mimi ndiye niliyemlisha, yeye ndiye aliyemwona.

Daktari alisema huenda kulikuwa na mwasho mwanzoni, labda viroboto, lakini sasa ni upweke ndio unaomla. Kisha akauona mkono wangu. Nilipomweleza, hakucheka. Alisema dalili zote ni za oili, ila kwa kichaa cha mbwa hakuna kubahatisha: niuoshe mkono, niende zahanati siku hiyo hiyo nikaanze sindano, na mbwa nimwangalie siku kumi bila kumwachia macho. Ikipita ya kumi angali mzima, nishukuru.

Nikachomwa sindano ya kwanza jioni ile, nikafunga kibanda sokoni, nikakaa nyumbani siku kumi. Mbwa alivaa shingoni ndoo ya rangi iliyotolewa kitako, ili mdomo usifike mguuni. Kila nilipomwekea maji nilishika ukingo wa meza. Akiinama akanywa, naachia pumzi. Siku ya tatu alinusa maji akageuka, nikakaa nalia hadi alipoyarudia. Mara mbili aliniwekea kichwa na ndoo yake mapajani, nami nilikaa kama jiwe, siwezi kumsukuma, siwezi kumgusa.

Siku ya kumi ikapita. Daktari akaivua ndoo. Kidonda kilikuwa kimefunga, na pembeni manyoya yanaota.

Siku ya kumi na moja nilibeba mfuko wangu, nikafunga geti, nikatembea hadi kona. Hapo nikasimama. Nikavua kandambili, nikarudi nikinyata, nikajibanza ukutani nisikilize.

Chap. Chap. Chap.

Nikatoa ufunguo mfukoni. Mlango wa jirani ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, na fagio halikuwa katikati tena. Alikuwa amelisogeza karibu na miguu yake, kibaraza karibu chote kimebaki upande wetu.

"Fungua geti," akasema, bila kuinua kichwa. "Mwache akae hapo nje, nimwone. Uende kazini, mwanangu."

"Mama, utaweza kweli kumwangalia?"

"Kwani miaka yote hii nani amekuwa akimwangalia?"