Ziwa Lililoitwa Lirudi

Mke wangu hupiga simu siku ya Ijumaa. Ndiyo siku yake ya mapumziko huko Uarabuni anakofanya kazi za ndani, na tangu aondoke hakuwahi kupiga siku nyingine isipokuwa kuna msiba. Kwa hiyo simu ilipoita Jumanne mchana, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya friji la mama mmoja muuza juisi, kibandani kwangu Igoma, niliipokea kwa kuuliza ni nani amefariki. Akasema hajafariki mtu. Alichotaka kujua ni kama mtoto alikuwa anacheza na ziwa muda ule.

Ziwa lilikuwa mdoli. Alimnunulia binti yetu wa miaka minne, akampa dada mmoja aliyekuwa anakuja likizo, likatufikia limeviringishwa ndani ya shuka. Lilikuwa beseni dogo la plastiki ya buluu lenye samaki wa rangi mbalimbali, na kila samaki alikuwa na kipande cha sumaku mdomoni. Unashusha kijiti chenye uzi, na mwisho wa uzi kuna sumaku nyingine. Samaki ananasa, unamvuta. Sisi tunakaa Ilemela, juu kwenye mawe, na ukisimama mlangoni kwetu ziwa lenyewe unaliona mpaka macho yachoke. Mama yangu, ambaye ndiye anayekaa na mtoto nikiwa kazini, alipoiona zawadi ile alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema mkwewe ametuonea huruma, ametuletea maji.

Mimi sikucheka. Mke wangu amekulia upande wa Musoma, nyumba ya wavuvi, na huko aliko samaki anamkuta dukani, kwenye barafu, hana hata kichwa. Nadhani aliliona lile beseni akashikwa na hamu ya kwao. Mimi sijawahi kushikwa na kwetu kwa sababu sijawahi kuondoka, ila nimejifunza kwamba anayebaki naye hushikwa, tena akiwa amekaa palepale kwenye kiti chake.

Wale samaki wakawa Ijumaa yetu. Binti yetu alikuwa anaegemeza simu kwenye chupa ya chai ili mama yake aone vizuri, kisha anavua. Yule wa kijani alikuwa sato. Yule mkubwa wa rangi ya chungwa alikuwa sangara, wa zambarau gogogo kwa sababu ya miiba yake, na wale wadogo wote walikuwa furu. Akishavua anauza. Mama yake analalamika kule kwamba sato mwenyewe mdogo, jicho limelegea, na mtoto anajibu kwa ukali wote wa wanawake wauza samaki wa mwaloni kwamba kama hutaki, pita, wengine wanunue. Mwisho mke wangu ananunua. Halafu anasema, niwekee huyo, nikija nitamkaanga. Mtoto alikuwa anamtenga samaki aliyenunuliwa, anamweka kwenye bakuli lake chini ya kitanda, na wiki nzima hamgusi kwa kuwa ana mwenyewe.

Wakati huo mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha, na matajiri wake walikuwa wamemwomba aongeze mwingine. Aliniuliza mimi nasemaje. Nikamwambia aamue mwenyewe. Nilidhani naongea kama muungwana. Tulikuwa na kiwanja na msingi, na nilijiambia kwamba nikisema rudi, nitakuwa nimeibomoa nyumba kabla haijapanda. Yeye naye hakusema anataka kurudi, nadhani kwa sababu hiyohiyo. Neno hilo tulikuwa tunapokezana kama sufuria la moto, kila mmoja analitua haraka kwa mwenzake.

Sasa Jumanne ile akanieleza. Kule anakofanya kazi kuna mtoto wa umri wa binti yetu, na mke wangu ndiye anayemlisha, anayemwogesha, anayemlaza. Mtoto huyo alinunuliwa ziwa lilelile, duka lilelile. Asubuhi hiyo wenye duka walikuwa wamewatumia wazazi wake ujumbe kwamba mdoli una hitilafu, sumaku zinachomoka, na wenye kuutengeneza wameuita urudi. Yaani kote ulikouzwa, duniani kote, unaitwa urudi. Mama wa yule mtoto alilikusanya ziwa lote akalipeleka dukani kabla ya chai.

Nilikasirika, nakiri, na hasira yangu haikuwa na akili nyingi. Kwa nini yule mtoto atangulie kuambiwa? Kwa nini huyo aliye na mke wangu kila siku, anayeogeshwa na mikono yake, awe ndiye anayelindwa kwanza, na wangu asubiri mpaka mtumishi wa nyumba aombe dakika mbili za simu? Nikajibu kwa ujeuri wa fundi. Nikasema mimi nashinda na mafriji, mlango wa friji unafungwa na sumaku, sumaku nazijua. Nitazibandika kwa gundi yangu, hazitoki mpaka kiama.

Mke wangu hakupandisha sauti. Akasema, “Ukimeza moja, huenda ikapita. Ukimeza mbili, zinatafutana tumboni. Utumbo ukiwa katikati yao, zinaubana mpaka unatoboka. Nenda nyumbani ukaangalie midomo yao.”

Nikamwachia mama wa juisi friji lake likiwa wazi nyuma na nikachukua bodaboda. Nyumbani nilimkuta mama yangu anachambua mchicha na mtoto yuko kibarazani, ziwa liko mbele yake. Nikawamwaga samaki wote kwenye sakafu na kuwaangalia midomo, mmoja mmoja. Sato mzima. Sangara mzima. Furu wawili midomo yao ilikuwa mitupu, vitundu tu.

Nikamuuliza mtoto sumaku ziko wapi. Akasema hajui. Nikamuuliza kwa upole, akasema hajui. Nikamuuliza bila upole, akaanza kulia, na mtoto anayelia hana msaada katika uchunguzi. Mama yangu akasema tusimtishe bure, “Mbona anakula vizuri, na choo anapata?” Lakini mchicha akauweka kando, akachukua ufagio. Tukafagia. Tukakung'uta mikeka, tukapekua viatu, nikapitisha bisibisi yangu sakafuni kona zote nikiomba kitu kinase. Mke wangu alikuwa anapiga kila baada ya muda mfupi na mimi namwambia bado tunatafuta. Mwisho nikamwambia ukweli, kwamba mbili hazionekani na tunakwenda hospitali.

Nikasikia nyuma yake yule mtoto wa kule anamwita, kwa lugha nisiyoijua, na nikamsikia mke wangu anamwitikia kwa lugha hiyo, sauti imetulia kabisa. Kisha akarudi kwangu akasema niende.

Hospitalini binti yetu alilala chini ya mashine ya eksirei kwa utulivu zaidi kuliko mimi niliyesimama nje ya mlango. Daktari, kijana mwenye usingizi machoni, alituonyesha picha: mbavu, uti wa mgongo, hewa ya tumboni, na hakuna chuma chochote. Akasema nimefanya vizuri kumleta bila kungoja aumwe, kwa sababu mtoto aliyemeza sumaku huweza kucheza siku kadhaa kama hana kitu. Nikamtumia mke wangu picha ile. Aliniambia baadaye kwamba aliitazama akiwa amejifungia bafuni, na kwamba kilichomliza ni kuona mwanawe amekuwa mrefu hivyo kwa ndani.

Sumaku tulizipata kesho yake nilipopindua godoro. Zilikuwa kwenye chuma cha kitanda, juu tu ya lile bakuli la samaki walionunuliwa, zimeng'ang'aniana. Nilihitaji bisibisi kuzitenganisha na nilipoziachia zikaruka tena kushikana. Nilizitazama kwa chuki nisiyoweza kuieleza vizuri. Mimi na mke wangu tulikuwa na bahari nzima katikati yetu na kila mmoja ametulia upande wake, kwa adabu.

Ikabaki kuliondoa ziwa. Tangazo alilonitumia mke wangu lilisema anayeishi mbali na duka auvunje mdoli asimpe mtu mwingine, na kwanza ahakikishe namba iliyoandikwa chini yake, maana si yote iliyokuwa na kasoro. Nikaligeuza beseni. Namba ilikuwepo, imegandamizwa kwenye plastiki kwa herufi ndogo, na ilikuwa yenyewe. Binti yetu alisimama karibu yangu, ameshika mikono nyuma. Aliuliza kwa nini namchukulia samaki wa mama. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: waliolitengeneza ziwa wameliita lirudi.

Akauliza, “Walijuaje liko kwetu?”

Nikamwambia hawakujua. Ila kila kimoja kimewekewa namba chini, na wakitaja namba, mwenye nacho anageuza anatazama, anajua kinachoitwa ni hiki. Hata kama kimekwenda mbali? Hata kama kimekwenda mbali, nikasema, na nikaona nimemjibu vizuri. Alitaka na yeye aione namba. Aliipitishia kidole mara kadhaa kabla hajaniruhusu kulichukua beseni.

Wiki ile nilizunguka kutafuta mdoli mwingine, kuanzia Igoma mpaka katikati ya mji, na nikawa kero kwa wauzaji. Nilivuta macho ya wanasesere kuona kama yanang'oka. Nilinusa rangi, nikalamba moja nikatema. Niligeuza magari kutazama kama kifuniko cha betri kina skrubu, maana zile betri ndogo za duara zikimezwa huunguza koo, na nilibeba mfukoni kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi za chooni zikiisha: chochote kinachopita humo kinapita na kooni kwa mtoto mdogo. Nilisoma umri ulioandikwa kwenye boksi, na pasipoandikwa nikarudisha. Jina la kila mdoli niliokaribia kuununua nililiandika kwenye simu kwanza, nione kama kuna mahali umeitwa urudi. Mwenye duka mmoja aliniuliza kama natoka serikalini. Nikamwambia natoka Ilemela. Mwingine aliniambia sisi tulichezea vikopo na matairi na hatukufa, nikamjibu kwamba waliokufa hawako hapa kubisha.

Mwishowe nilinunua vibao vya mbao visivyo na rangi, vikubwa, vya kupanga. Vilikuwa salama mpaka basi. Binti yetu alivipanga mara moja, akanishukuru kama mtu mzima, akaenda kukaa mlangoni.

Ijumaa ikafika. Simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai kama kawaida, na hakukuwa na cha kuuza. Mke wangu aliuliza habari za chakula, za nywele, za bibi. Mtoto akajibu nzuri, nzuri, hajambo. Sijawahi kuona watu wawili wanaopendana wakikosa maneno vile. Nilijutia kila samaki. Mke wangu akajaribu kusema kwamba matajiri wanataka jibu kuhusu mkataba wiki ijayo, na nikaanza kujibu jibu langu lilelile la kiungwana, ndipo mtoto akaniingilia.

“Mama, inua mguu.”

Mke wangu akadhani ni mchezo mpya, akafurahi. Akainua mguu, akauelekeza kwenye simu. Unyayo wake ulikuwa umepasuka kisiginoni, na mimi nilikuwa nimesahau ukubwa wake, nimesahau kabisa jinsi kidole cha pili kinavyokizidi cha kwanza. Niliutamani mguu ule kuliko nilivyowahi kutamani kitu, nikaona aibu mbele ya mama yangu.

“Sasa angalia chini. Kuna namba?”

“Namba ya nini, mama?”

“Tuitaje hiyo namba, wewe uitwe urudi.”

Mama yangu akainuka akaenda jikoni ambako hakuwa na kazi. Mke wangu hakucheka. Aliukunja mguu, akauweka juu ya goti lake, akauinamia akautazama kwa makini kama anayesoma. Tuliona utosi wake tu. Kwa kawaida hapo ndipo mimi huingiza mzaha, ndiyo kazi yangu katika familia hii. Nikaichukua simu.

Nikasema, “Namba haihitajiki. Nakuita mimi. Usiongeze mkataba, rudi.”

Akauliza nyumba je. Nikasema msingi hauozi. Akauliza kama nimesema hivyo kwa sababu ya mtoto. Nikamwambia mtoto amesema la kwake na mimi nimesema la kwangu, nimeshindwa, sitaki tena kuwa na busara. Bado alikuwa ameinama, mkono umeshika unyayo.

“Mwaka wote huu,” alisema, “nilikuwa nasubiri mmoja wenu aniite.”