Jointi Niliyoing'ang'ania

Bado nina hasira, na sasa ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Mimi hufundisha udereva. Gari langu lilipoanza kulia ka-ka-ka nikikata kona ya kushoto, nilijua mara moja kwamba jointi ya shafti inayozungusha gurudumu la mbele imeisha. Nikampelekea Kamau, fundi wa magari mtaani Rhonda.

"Mwalimu, hiyo ni ya kulia," akasema.

"Sauti iko kushoto! Badilisha ya kushoto!"

Akabadilisha. Kabla sijafika nyumbani Kiamunyi, ka-ka-ka. Nikarudi gereji mbio.

"Mwizi wewe! Umeniwekea jointi kuukuu!" nilimfokea mbele ya wateja. Mama mmoja akachukua ufunguo wa gari lake aondoke. "Kimbia, mathe!" nikamhimiza.

Kamau alileta jeki. Aliinua gurudumu la kulia. Raba inayofunika jointi ilikuwa imepasuka, grisi imetapakaa ndani ya rimu.

"Ukikata kushoto, mwalimu, uzito unaegemea kulia. Ndiyo maana inalia."

Yule mama alinitazama, kisha akamrudishia Kamau ufunguo.

"Shika, boss. Yangu pia inalia, lakini upande utauchagua wewe."