Koleo Aliloleta Mjomba

Mwaka jana bibi yangu, mama yake Mama, alitaka kitu kimoja tu: kwenda Salala, kusini ya Oman, wakati wa mvua. Hakutaka kuzuru makaburi ya manabii wala kununua ubani. Alitaka kukaa nje kwenye manyunyu na kutazama minazi iliyolowa.

"Nnataka nilowe," alisema wakati tunakula, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Tulicheka sote isipokuwa Baba.

Tabu ilikuwa nyonga yake. Ndege alikwishaapa hapandi tena tangu ile iliyomleta Maskati kutoka visiwani. Kwa gari ni mwendo wa siku nzima, na Bibi hawezi kukaa kitako zaidi ya saa mbili bila kulala akajinyoosha. Vyoo vya njiani ni vya kuchutama, navyo hawezi. Basi Baba akasikia kuna Mmarekani huko Madinat Sultan Qaboos anarudi kwao na anauza nyumba yake ya magurudumu, tela lenye kitanda, jiko, kiyoyozi na choo cha kukalia. Bibi angesafiri ndani ya gari, na kila akichoka tungesimama, akapanda kwenye tela kujinyoosha. Baba akalinunua, na Mmarekani mwenyewe akatuletea mpaka nyumbani kwa gari lake. Pikapu tulikuwa nayo, ya milango minne. Akaona mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Tela lile halifungwi kwenye bampa kama mengine. Lina shingo inayopanda juu ya bodi ya pikapu, na kwenye shingo kuna pini nene inayoshuka chini. Ndani ya bodi, juu ya magurudumu ya nyuma, lazima pawe na chuma cha kuibana ile pini. Kwa Kiingereza kina jina lake. Baba alikiita koleo, na sisi tukamfuata. Mmarekani alikuwa ameuza tela bila koleo, kwa kuwa lake liliondoka na gari lake.

Mimi niliingia humo kwa ajili ya Kiingereza. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, na kitabu cha maelekezo kilikuwa kinene, maandishi madogo. "Nisomee," akasema Baba, nami nikamsomea jioni tatu. Mbele ya Baba nasoma vizuri tu. Mbele ya mgeni hata jina langu hunikwama kooni. Siandiki hivi ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu bila ya hilo habari hii haieleweki.

Kitabu kilisema pikapu yenye bodi ndefu inakubali koleo lolote, hata lile lililokazwa kwa bolti lisilotikisika. Yenye bodi fupi kama yetu, ukikata kona kali, bega la tela, yaani pembe yake ya mbele, linakuja kugonga kioo cha nyuma. Hiyo inataka koleo linaloteleza. Yako mawili: moja unasimama, unavuta kishikio, linasogea nyuma ndipo unageuza, na jingine linateleza lenyewe kwenye kila kona.

Nikachukua futikamba ya Mama ya kushonea, nikaenda nje saa wanaume wamekwenda msikitini, nikapima. Kutoka pahala pa koleo mpaka kioo cha nyuma: sentimita tisini na tano. Nusu ya upana wa tela: mia na ishirini, yaani bega linazidi. Nikaziandika nyuma ya daftari langu la historia. Bado sikujiamini. Nikaweka boksi la tishu juu ya kikebe changu cha kalamu, kitandani, nikasimamisha daftari mbele yake kuwa kioo, nikaligeuza boksi polepole. Pembe ikagonga. Nikageuza upande wa pili. Ikagonga.

Alkhamisi Baba akanichukua Wadi Kabir, kwenye gereji ya rafiki yake. Huyo fundi ni Mmanga kama sisi lakini kazaliwa Kigoma, na ujanani aliendesha malori huko bara. Mimi nilibaki garini, kioo nimekipandisha.

"Nyie watu wa visiwani," akaanza hata salamu hazijakwisha, "gari lenu refu kuliko yote lilikuwa la ng'ombe. Leo mnataka kuvuta tela?"

"La ng'ombe mnalijulia wapi nyie?" Baba akamjibu. "Ng'ombe wenyewe mkilala nao chumba kimoja."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha fundi akazunguka pikapu mara moja tu. "Bodi fupi hii. Hapa weka la kuteleza. Ukiweka jingine, kioo cha nyuma sahau."

"Binti yangu kasema hivyo hivyo. Kapima."

Fundi akainama dirishani kwangu. "Enhe, injinia! Umepata ngapi?"

Nilitaka kusema. Nikalifungua daftari, nikalibandika kwenye kioo kwa ndani. Akasoma, midomo ikicheza, huku kakinga jua kwa mkono.

"Sawasawa kabisa," akasema. "Huyu niachie mimi hapa gereji, nyie rudini nyumbani."

Siku ile nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Fundi alisema litaagizwa, litachukua wiki tano au sita. Mvua za Salala zilikuwa zinaanza mwezi wa saba, kwa hivyo tulikuwa na nafasi. Baba akasema Jumamosi ataliagiza.

Ijumaa, baada ya sala, akaja Mjomba.

Mjomba ndiye mtoto wa kiume pekee wa Bibi, anakaa Dubai. Mama alikuwa amemhadithia kwa simu kwamba tunatafuta koleo, basi tu, kama mazungumzo. Hatukujua kama anakuja. Akafungua buti la gari lake, wakalishusha yeye na Baba, hatua mbili wanapumzika. Koleo jipya, jeusi, linang'ara, bado limefungwa nailoni.

"Mamangu asafiri, mie nikae tu natazama?" akasema huku anajifuta jasho. "Duka zima hakuna gumu kuliko hili, shemeji. Hili halitikisiki!"

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikatazama miguu minne ya lile koleo, ya kupigiwa bolti, nikajua si la kuteleza.

Bibi akambusu kichwani. Akasema, "Mwanangu ndiye anayenipeleka." Na hapo mlango wa kusema ukafungika. Lazima nieleze jinsi nyumba yetu ilivyo. Baba ni mkwe. Jambo lolote la Bibi, akilisema Mjomba, Baba huitikia tu. Sijapata kumsikia akimbishia, hata kuhusu dawa, hata kuhusu godoro. Si woga, ni heshima, na Baba anajivunia hivyo. Usiku nilimsikia Mama akisema, "Kaka kaleta kitu cha mamake. Utamwambia hakifai, mbele ya mamake?" Jumamosi Baba hakuagiza.

Nikampelekea daftari. Nikamwonyesha tena tisini na tano, na mia na ishirini.

"Najua, mwanangu."

"Basi tumwambie Mjomba."

"Nani amwambie?"

Kisha akanirudishia daftari, kalifunga vizuri, kama kitu cha mtu mwingine.

Fundi alilifunga koleo la Mjomba kwa kulalamika. "Nafunga kwa kuwa umeniomba. Lakini kona uzichukue mbali, bwana. Mbali sana."

"Njia ya Salala imenyooka," akasema Baba.

"Na ya nyumbani kwako?"

Baba akajifanya anatafuta funguo.

Siku moja kabla ya safari, katikati ya mwezi wa nane, Mjomba alirudi, maana yeye ndiye angekaa mbele na Baba. Alasiri alikuwa peke yake majlisi, na Mama akanipa sinia nimpelekee chai. Nilikuwa nimejiandaa. Toka jikoni nilikuwa naisema sentensi moja moyoni: Mjomba, koleo zuri ila gari letu ni fupi. Haina kosa sentensi ile. Haimvunjii mtu heshima.

Nikamwekea kikombe. Yeye mwenyewe akaniuliza, kwa mapenzi kabisa, "Haya, bibie, wewe ndiye uliyesoma kile kitabu. Koleo langu umelionaje?"

Aliniuliza. Sikuhitaji hata kuanza.

"Sukari inatosha, Mjomba?" nikasema.

Akaonja. "Inatosha, mwanangu."

Nikatoka.

Asubuhi ya safari nusu ya mtaa wetu wa Ghubra ilikuja kutuaga. Bibi alikaa nyuma katikati, mimi huku, Mama kule, mto chini ya nyonga. Alijitanda kanga aliyoificha miaka, akasema hiyo ndiyo atakayolowea. Wanawake walimpa salamu za kuipa minazi. Baba akasoma dua, akaondoka taratibu.

Mwisho wa kichochoro chetu kuna kona ya kulia, ukuta huku na duka kule. Baba alikwenda kuitazama jana yake kwa miguu. Alipanga kuichukua mbali, aupitie upande wa dukani kabisa. Lakini upande wa dukani palikuwa na gari limeegeshwa. Mwenye gari alikuwa kwetu, anatupungia mkono.

Baba alisimama. Nyuma tela, kurudi hajui. Nilimwona kwenye kioo cha juu ananitazama mimi. Kisha akazungusha usukani.

Haikuwa sauti kubwa. Kitu kama mtu anakanyaga barafu, halafu vipande vidogo vidogo vikatumiminikia shingoni na mgongoni, vya moto kwa jua. Bibi hakuumia. Aligutuka tu, akashika goti langu.

"Nini?" akauliza. "Tumefika?"

Mjomba akashuka. Akatazama bega la tela lililoingia palipokuwa na kioo, akatazama koleo, akapima kwa mkono wake kutoka huku mpaka kule. Kuelewa kulimchukua muda mfupi kuliko uliotuchukua sisi.

"Kumbe halifai," akasema. Akageuka. "Mlijua?"

Mama akaanza kulia. Baba akasema, "Nilikustahi, shemeji."

"Risiti nnayo garini. Ningelirudisha siku ile ile, wakaniagizia jingine." Hakupaza sauti, nami ningependa angepaza. "Umenistahi mimi. Na mama, je?"

Koleo la kuteleza aliliagiza Mjomba mwenyewe, siku ile ile, kwa simu, kasimama palepale konani na vioo viatuni. Lilikuja mwezi wa tisa ukielekea kwisha. Fundi akalifunga bila utani. Baba akalipeleka tela kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba zetu, akakata kona kulia, akakata kushoto, kali hasa, na bega likapita mbali na kioo kipya kama kitabu kilivyosema.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake kivulini, mimi nimesimama nyuma yake. Salala mvua zilikuwa zimekwisha. Watu wote nyumbani walikuwa wanamwambia mwakani, mwakani inshallah, naye alikuwa anaitikia inshallah bila kugeuza uso. Tangu siku ile ya kona nyonga ilikuwa imemzidi, na safari ya kutoka kitandani mpaka pale kivulini ilitosha kumchosha.

"Linageuka vizuri," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ulijua?"

Uwanjani Baba alikuwa anageuza tena, pasipo haja.

"Nilijua. Nilipima."

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya."

Nikadhani amesinzia, maana siku hizi husinzia katikati ya maneno. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, akanishika kiganja.

"Haya zako zote hizo, mjukuu wangu, utazipeleka wapi?"

Nikamwinua. Tukaingia ndani hatua moja moja, na nyuma yetu tela lilikuwa bado linazunguka.